Hapa Ni Mpaka

Tangazo lilikuwa limepigiliwa kwenye nguzo ya simu kando ya barabara kuu, kilomita chache kabla ya kufika Bomang'ombe ukitokea Moshi, na Mzee Aikaeli alilisoma mara tatu. Mara ya kwanza alilisoma kama anavyosoma kila kitu, akitafuta mahali pa kuchekea. Lilisema kwamba Bwana Rogath, mfanyabiashara, anaomba shamba la mahindi lililopo hapo libadilishwe matumizi, litoke kwenye kilimo liende kwenye biashara, apate kujenga yadi ya kuuzia magari. Mwenye pingamizi alilete ofisi ya ardhi ndani ya siku thelathini. Mara ya pili alisoma akifuata kwa kidole. Mara ya tatu aliyaacha maneno akaangalia mchoro uliobandikwa chini yake. Hapa barabara, hapa yadi, hapa choo, hapa mtaro wa maji. Na hapa lango, mistari miwili minene, katikati yake nukta moja, na kando ya nukta mwandiko wa mpima: isale, mpaka wa zamani.

Akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye majani yenye umande, suruali ya kanisani na yote.

Isale lenyewe alikuwa analiona kutoka hapo. Mmea mmoja tu, majani marefu ya kijani, umesimama peke yake katikati ya mabua. Mchagga yeyote anajua isale linapandwa mpakani, na hung'oi la mwenzako kama hutaki kesi. Anajua pia kwamba ukimkosea mtu unafunga fundo kwenye jani lake unampelekea, na akishalipokea hana budi kusamehe. Lakini isale katikati ya shamba la mtu mmoja ni jambo la kuulizwa, na Mzee Aikaeli alikuwa ameulizwa kwa miaka thelathini na nne. Hakuna aliyewahi kupata jibu lile lile mara mbili.

Elisaria, jirani yake kule Machame, aliambiwa ile ilikuwa fimbo ya mpima Mjerumani: jua lilimchoma, akaichomeka chini aende kunywa maji, hakurudi, fimbo ikaota. Watoto wa shule waliambiwa kwamba bila isale lile barabara ya lami ingejigeuza usingizini ikalalia mahindi. Mchungaji aliambiwa ni mpaka kati ya Aikaeli na Mungu, kwamba kuanzia hapo kwenda juu palizi ni ya Mungu, na ndiyo maana kule juu magugu yamezidi. Mchungaji alicheka mpaka akasahau alichouliza. Mtu akishazoeleka kwa hadithi haulizwi mara ya pili, na hilo Mzee Aikaeli alilijua mapema.

Mwaka uliotangulia, tisini na sita, alikuwa ameuza nusu ya shamba. Kahawa ya mlimani ilikuwa imegeuka kuni. Magoti yake hayakutaka tena kuteremka kila wiki, na binti yake Elifuraha aliandika kutoka Dar kwamba baba uza. Mnunuzi akawa Rogath, kijana wa hapo hapo Machame aliyeanza na spea za pikipiki, akafika Dubai, na sasa anashusha magari ya Kijapani yaliyotumika. Mjini Moshi hakuwa na pa kuyapanga. Alitaka nje ya mji, mahali ambapo mtu wa Arusha na mtu wa Moshi wote watapita na kutamani.

Siku ya kupima, mpima alisimama mbele ya isale. "Mzee, hili ni la nini?"

"Hapa ni mpaka," akasema Mzee Aikaeli upesi. "Yeye upande huo, mimi upande huu."

Akajipongeza moyoni. Mpaka hauchimbwi wala haujengewi juu. Yadi itakaa mashariki, yeye atabaki magharibi, na pale katikati patabaki kama palivyo mpaka na yeye aingie udongoni. Hakujua mambo ya mipango miji.

Baada ya kusoma lile tangazo alikwenda moja kwa moja Bomang'ombe, ofisi ya ardhi, kwa Bi. Stella, afisa mipango miji, dada mmoja mpole mwenye rula iliyokatika ncha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuhamisha lango."

Bi. Stella akatabasamu, akakunjua ramani. "Lango halihami, mzee wangu. Angalia. Huku mashariki kuna kona, mabasi yanatokeza hapo kama yamefukuzwa. Huku magharibi kuna kalvati. Na watu wa barabara hawakubali kila kiwanja kitoboe njia yake, tutaokota watu kila wiki. Viwanja viwili vinatumia njia moja, na njia hiyo inakaa mpakani, nusu huku nusu huku. Na mpaka umeutaja wewe mwenyewe. Sahihi yako hii hapa."

"Nilisema mpaka ili pasiguswe."

"Basi hapo ndipo pa kwanza kuguswa. Katapila linaanzia langoni." Akamtazama. "Una sababu gani, mzee?"

Mzee Aikaeli alifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake kinywa hakikutoa kitu. "Nitaileta kikaoni," akasema.

Sababu ilikuwa hii. Aprili ya mwaka sitini na tatu, Ruth mke wake aliteremka shambani na mimba ya miezi minane kupalilia, maana mvua ziliwahi na magugu yakawahi. Uchungu ukamshika kwenye mstari wa tatu. Lori la mchanga likampeleka hospitali mjini. Mtoto alizaliwa alfajiri, wa kiume. Mama alikuwa amepoteza damu nyingi, hajitambui, kwa hiyo wakampa baba. Akaishi mikononi mwa baba mpaka saa nne asubuhi. Halafu wakamfunga kwenye kitenge cha mama yake, wakamrudishia.

Alitaka kumpandisha Machame, amlaze kihambani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, walipolala wote wa ukoo. Magari yalikuwa hayapandi kwa matope, akatembea. Alipofika usawa wa shamba, mto wa kuvuka ulikuwa umejaa na gogo la kuvukia limekwenda na maji. Akakaa kwenye kibanda cha shambani na mtoto magotini, mpaka jioni, akingoja maji yapungue. Hayakupungua. Alipoona jua linataka kuzama akachukua jembe la mkewe, lililokuwa limelala pale pale kwenye mstari wa tatu, akachimba. Alipomaliza akamlaza mtoto, akalifukia na jembe pamoja naye, kwa sababu hakuweza kufikiri kwamba siku moja litapalilia tena. Akaenda kwenye mpaka wa kweli, akakata isale, akalichomeka.

Ruth alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, mwepesi kama gamba la mgomba. Hata hakukaa. Alisimama uani akauliza, "Umemlaza wapi?"

Aikaeli, ambaye mpaka siku hiyo hakuwa mwongo kuliko mtu mwingine, alimwangalia usoni, na mkono wake ukanyooka wenyewe kuelekea migombani. "Pale. Karibu na kaburi la mama."

Ruth akapanda maua pale. Akayamwagilia, akayapalilia, akawa anakwenda kukaa hapo Jumapili baada ya ibada na mikono yake magotini. Alipouliza jembe lake liko wapi aliambiwa fisi amelichukua, mpini ulikuwa unanukia pombe ya mbege. Alicheka. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu hospitali, na Aikaeli akaona njia imefunguka, akaifuata miaka yote. Fimbo ya Mjerumani, barabara yenye usingizi, magugu ya Mungu, vyote vilizaliwa kuulinda ule mkono ulionyooka uani.

Kikao cha mapingamizi kilifanyika Jumatatu, ukumbini Bomang'ombe. Wito ulisema muuzaji aje na mwenzi wake, kwa hiyo Ruth alikuwepo, amekaa benchi la nyuma na kitenge chake kizuri. Wote walikuwa wanajuana. Mwanzo ulikwenda vizuri. Elisaria, ambaye ana shamba chini ya lile, aliuliza yadi ikishamwagwa zege maji ya mvua yataenda wapi kama si kwenye maharage yake. Rogath akaahidi mtaro. Mama mmoja akauliza habari ya oili kuingia kwenye mfereji wa ng'ombe. Rogath akaahidi shimo. Bi. Stella akaandika.

Mzee Aikaeli akasimama.

"Mimi nina neno juu ya taa. Yadi itawaka taa usiku kucha. Ng'ombe wangu kule Machame wataziona, watadhani kumekucha, watataka kukamuliwa mara mbili. Nani atawakamua? Rogath?"

Ukumbi ukacheka. Hata Ruth alificha mdomo.

"Nitakuja mwenyewe, meku," akasema Rogath, akimwita mzee kwa Kichagga. "Niwekee kikombe."

"Basi lango lisogee hatua hamsini."

"Kona, mzee," akasema Bi. Stella.

"Ishirini."

"Mzee wangu, toa sababu niiandike."

"Si aseme tu!" akadakia Rogath, anacheka. "Meku, kama chini pana dhahabu ya yule Mjerumani wako, tugawane nusu kwa nusu, katapila natoa mimi."

Vicheko vikapanda. Bi. Stella alingoja vitulie, akafunika kalamu. "Kama hakuna pingamizi lingine, nafunga. Kazi ianze Jumatano."

"Pale pana kaburi," akasema Mzee Aikaeli.

Hapo ndipo walipocheka hasa. Elisaria alijifuta machozi kwa kofia. "La mpima! Kumbe hakwenda kunywa maji!"

"La mwanangu. Wa mwaka sitini na tatu."

Vicheko havikukoma pamoja. Vilikatika hapa, vikaendelea kule, mpaka vikabaki kwa mtu mmoja aliyekuwa karibu na mlango, na yeye akanyamaza. Ruth alikuwa amesimama.

"Aikaeli."

Hakusema Baba Elifuraha. Kila mtu aliisikia ile Aikaeli.

"Wadanganye hawa wote," akasema Ruth. "Mdanganye Rogath, idanganye serikali, sijawahi kukukataza. Lakini huyo usimtie humo."

"Mama Elifuraha..."

"Huyo amelala nyumbani. Jana nimemwagilia maua yake." Akamgeukia Bi. Stella, sauti yake imeshuka. "Mwanangu, usimsikilize. Ni uzee. Anaona uchungu shamba linakwenda, basi anaokota neno lolote."

Alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea. Angekaa tu, akune kichwa, aseme haya nimeshindwa, na wangecheka, na mkewe angerudi nyumbani kwenye maua yake. Na Jumatano lile katapila lingeshuka.

"Jembe lako," akasema Mzee Aikaeli. "La baba yako. Lile lenye pete ya shaba shingoni."

"Fisi alilichukua."

"Hakukuwa na fisi. Nimemzika nalo. Mto ulijaa, Ruth. Nilingoja mpaka jioni na ukakataa kupungua. Wachimbe pale chini ya isale, waone kama hakuna jembe."

Ruth akakaa taratibu, akishika benchi kwa mkono kama mtu anayekaa gizani, akawa anakunja ncha ya kitenge, anaikunjua, anaikunja. Elisaria alikuwa ameivua kofia na hakujua aiweke wapi.

Kibali cha kuhamisha kaburi kilichukua wiki mbili. Siku hizo nyumbani Machame Ruth alipika, akapakua, akamsalimia mumewe asubuhi. Migombani hakwenda.

Siku ya kuchimba walikuja mchungaji, bwana afya na fomu yake, na Bi. Stella na ramani. Rogath alilirudisha katapila lilikotoka, akavua koti, akashika sepetu mwenyewe. Aling'oa isale kwanza, akalilaza pembeni kwa heshima kama mtu. Shimo lilipofika kina cha goti, sepetu ikagonga chuma.

Jembe lilikuwa limeliwa na kutu, limebaki ukubwa wa kiganja. Pete ya shaba ilikuwa imegeuka kijani lakini nzima. Mtoto hakuwepo. Palikuwa na udongo tu, mweusi kuliko mwenzake na laini zaidi.

"Mifupa ya mtoto mchanga haikai, mzee," akasema bwana afya kwa sauti ndogo. Akaandika: kaburi moja, limehamishwa.

Ruth aliinama akauchukua ule udongo kwa mikono yake, fumba kwa fumba, akaujaza kwenye kisanduku alichotengeneza Elisaria. Hakumwachia mtu. Rogath akawapandisha Machame kwa pikapu nyeupe iliyokuwa haijapata hata namba, viti vyake bado vina plastiki ya Japani. Njia nzima Ruth alikaa mbele na kisanduku magotini, na kila gari liliporuka kwenye jiwe plastiki ililia chini yake. Mzee Aikaeli alikaa nyuma na sepetu.

Kihambani shimo lilikuwa tayari. Alilichimba mwenyewe asubuhi, kati ya yale maua, akiyasogeza moja moja yasiumie.

Ruth aliliona akasimama. "Hapo hapana."

"Ndipo ulipopazoea."

"Hapo pana mtu." Hakupandisha sauti. "Nimekaa naye miaka thelathini na nne. Nimemwambia mambo usiyoyajua wewe, wala mchungaji hayajui. Leo unataka unifukulie, uniambie hakuwepo, umweke mwingine? Fukia shimo lako. Huyu mtafutie pake."

Hakuna aliyembishia. Elisaria na Rogath wakachimba upande wa pili wa mgomba mkubwa, mchungaji akasoma, wakafunika. Mzee Aikaeli alilifukia lile shimo la kwanza, tupu, akayarudisha maua yake.

Wageni walipokuwa wanaaga alikwenda kwenye pikapu, ambayo ilikuwa bado haijageuza, akaomba alichokiacha nyuma: isale lililong'olewa langoni. Akachuma jani moja, akalifunga fundo, akaenda nalo mpaka kizingitini alipokaa mkewe. Akapiga magoti, ingawa magoti yalikataa, akalinyoosha kwa mikono miwili.

Ruth akalitazama lile fundo muda mrefu. Akalipokea.

"Kusamehe nimekusamehe, Baba Elifuraha. Isale halikataliwi." Akaliweka magotini. "Lakini kukuamini je? Kuna isale la hilo?"

Mzee Aikaeli alinyanyua magoti yake, moja baada ya jingine. Akakaa chini kando yake.

"Alikuwaje?" akauliza Ruth.

Mumewe aliwahi kumwambia, zamani, kwamba mtoto alizaliwa hana uhai. Ilikuwa rahisi zaidi hivyo. Sasa akaona kwamba lazima aanze upya, na aanze bila kuongeza chochote, naye hakuwa na mazoea ya kazi hiyo.

"Aliishi," akasema. "Mpaka saa nne."

Ruth akafumba macho. "Alilia?"

"Mara moja. Kidogo."

"Nywele?"

"Nyingi. Zimelala upande mmoja."

"Alifumbua macho?"

Mzee Aikaeli alijua ukweli ulivyo, na alijua utakavyosikika ukitoka kinywani mwake.

"Moja," akasema. "La kushoto. Alifumbua hilo moja tu, akaniangalia, kama mtu anayechungulia mlangoni aone kama ameingia nyumba yenyewe. Halafu akalifunga."

Ruth alikuwa ameinamisha kichwa upande. Mzee Aikaeli alikijua kichwa hicho. Ndivyo Elisaria alivyoinamisha kichwa chake kwenye habari ya fimbo ya Mjerumani, ndivyo walivyoinamisha wote, miaka yote, wakingoja mahali pa kuchekea.

"Kweli, Mama Elifuraha."

"Kweli," akaitikia Ruth. Hakuuliza, wala hakukubali.

  Akanyanyuka, akalichomeka lile jani kwenye ufa wa mlango, akachukua debe la maji, akaenda migombani. Mzee Aikaeli alimfuata kwa macho. Makaburi yalikuwa mawili sasa, hili la udongo mbichi na lile lenye maua, na mgomba mkubwa katikati yake.

Ruth akaanzia kule kwenye maua.